Taa ya altaneta ikiwaka angani: una dakika ngapi?

*"Shikamoo mtaalamu. Nina leseni ya rubani binafsi, saa zangu ni kama 140. Mwezi uliopita niliruka kutoka uwanja wa Nduli, Iringa, saa kumi jioni kwenda uwanja wa Songwe, Mbeya, nikifuata barabara kuu, kwa Cessna 172 ya mwaka 1980 tunayomiliki watu watatu. Nilipopita Mafinga taa nyekundu ya volti ilianza kupepesa, kisha ikawaka moja kwa moja. Mshale wa ampea ukalala upande wa kutoa. Breka ya altaneta ilikuwa imeruka. Niliibonyeza mara tatu, kila mara ikaruka tena baada ya dakika moja au mbili. Nikageuza kurudi Iringa, nikazima taa za nje tu. Kama robo saa baadaye redio ilianza kukwaruza, geji zote mbili za mafuta zikashuka hadi sifuri, na nilipoukabili uwanja nikashusha flapu za mabawa zikaishia katikati, hazipandi wala hazishuki. Nilitua salama, ila nilikuja na kasi kubwa na nikagusa chini mbali sana. Shemeji yangu aliyekaa kiti cha kulia alikuwa akiuliza kitu kimoja tu: injini itazima saa ngapi? Sikuwa na jibu la uhakika. Nilikosea wapi? Ningeendelea hadi Songwe? Au ningetua kwenye kiwanja cha nyasi cha shamba la chai tulichokuwa tumekipita? Na mwenzetu mmoja anasema tuistue kwa betri ya gari tuirushe hadi Dar kwa fundi, kwa kuwa ilifika Nduli yenyewe. Ana haki?"*

Marahaba, ndugu yangu. Poleni wewe na shemeji. Umeandika kila kitu kwa mpangilio, hata dakika umezihesabu, na hilo limenirahisishia sana kazi.

Nianze na swali la shemeji, maana naona ndilo lililokutikisa kuliko hata ile taa. Injini isingezima. Isingezima baada ya robo saa wala baada ya saa mbili, mpaka mafuta yaishe au uizime mwenyewe.

Hofu hiyo tumeitoa kwenye magari. Gari la petroli la siku hizi likifa altaneta, yaani mtambo unaozalisha umeme, pale kati ya Igawa na Chimala, dereva atasogea kidogo kwa umeme wa betri, kisha gari litakohoa na kusimama, kwa sababu cheche za plagi na pampu ya mafuta vyote vinakula umeme uleule. Injini ya ndege yako ni ndugu wa zile pikipiki za kupiga kiki, ambazo betri ikifa mwenyewe anapiga kiki na kuondoka zake. Ina magneto mbili. Ndani yake kuna sumaku inayozungushwa na injini yenyewe na kuzalisha cheche bila kuiomba betri chochote, na kila silinda ina plagi mbili, moja kwa kila magneto. Mafuta nayo yapo mabawani, juu ya kichwa chako, yanateremka hadi kwenye kabureta kwa uzito wake. Ungezima swichi kuu pale juu ya Mafinga, propela isingejua kama kuna kilichotokea. Ila angalia sana mkono wako uende wapi: swichi kuu ni kitu kimoja, ufunguo wa magneto ni kingine. Mtu mwenye wasiwasi anaweza kuzungusha ufunguo akidhani anazima umeme, na hapo shemeji atapata jibu la swali lake.

Nisisitize kwamba nasema habari za 172 yako na zinazofanana nayo. Ndege zenye injini za dizeli zinazoongozwa na kompyuta zinategemea umeme kweli. Mwaka 2007 huko Speyer, Ujerumani, Diamond DA42 iliondoka baada ya kuwashwa kwa umeme wa nje kwa kuwa betri yake ilikuwa tupu. Rubani alipokunja magurudumu, volti ziliporomoka kwa kitambo kidogo tu, kompyuta za injini zikapotea, na injini zote mbili zikazima. Hata Rotax, ambayo wenye ndege nyepesi wanaipenda, 912 ya kawaida inajitengenezea cheche zake, lakini 912 iS ni lazima ipate umeme. Kwa hiyo siku utakayopanda ndege ya mtu, uliza swali hili kabla ya kuuliza rangi ya viti.

Sasa tuone kilichotokea kwenye waya. Fikiria nyumba yenye sola kule Mufindi. Mchana paneli inalisha televisheni na redio, na ziada inaingia kwenye betri. Jua likizama, vyote vinaendelea kuwaka, lakini sasa mnakula akiba. Altaneta yako ndiyo paneli. Ikiwa nzima inasukuma kama volti 28, na kwa kuwa betri ni ya volti 24, umeme unatiririka kutoka kwa mkubwa kwenda kwa mdogo na betri inajaa. Altaneta ikifa, volti zinashuka hadi za betri peke yake, na zinapofika karibu na 24.5 taa nyekundu inawaka. Taa hiyo inaweza kupepesa ukiwa chini, injini ikizunguka taratibu na vitu vingi vimewashwa. Ongeza mzunguko kidogo itazima, hiyo si hitilafu. Ikiwaka angani kwenye mzunguko wa safari haina kisingizio. Kwako jua lilizama saa kumi na nusu jioni.

Hapo ndipo kosa lako la kwanza lilipo, na ndilo kubwa kuliko yote: breka mara tatu. Naelewa kwa nini, kidole kinakwenda chenyewe. Lakini breka ni swichi ya usalama inayojikata umeme ukizidi, na ikiruka inakuambia kuwa umeme umepita mwingi mahali ambapo haukutakiwa, na waya umepata moto. Kila ukiirudisha, unaupasha waya uleule tena, nyuma ya paneli usikoona, kwenye ndege yenye umri wa miaka zaidi ya arobaini. Utaratibu wa kitabu cha ndege yako ni huu: zima swichi ya redio, hakikisha breka ya altaneta imeingia, zima swichi kuu kisha uiwashe, uone kama taa imezima. Mara moja tu. Hiyo ni kwa sababu kuna wakati kidhibiti cha altaneta hujizima chenyewe kikiona volti zimepanda kupita kiasi, na kuzima-kuwasha kunakirudisha. Ikikataa, zima upande wa altaneta, acha upande wa betri, usahau habari za altaneta mpaka utue. Na kama breka imeruka pakiwa na harufu yoyote ya plastiki iliyoungua, hata hiyo mara moja usijaribu.

Maana moshi ni habari nyingine kabisa. Ukisikia harufu ya waya unaoungua, hubani umeme tena, unaukata: swichi kuu zima, kila swichi nyingine zima isipokuwa ufunguo wa magneto, funga matundu ya hewa na ya joto mpaka moto uzimike, tumia kizimamoto kama unauona moto, kisha fungua hewa mtoe moshi. Redio inakufa, sawa. Unatafuta mahali pa kutua sasa hivi, hata kile kiwanja cha shamba la chai.

Kosa la pili ni kuzima taa za nje pekee. Tupige hesabu. Betri ya ndege kama yako ikiwa mpya ina ampea-saa 14 hivi. Tuseme redio, kifaa cha kuongozea, transponda (kifaa kinachoijibu rada), taa za paneli na vikorokoro vingine vinakula ampea 15 kwa pamoja. Kwa hesabu ya darasani una dakika 56. Lakini betri ya miaka michache mara nyingi imebaki na nusu ya nguvu zake, na redio haingoji betri iishe kabisa ndipo ilalamike, inaanza kukwaruza volti zikilegea. Sasa punguza: zima kila kitu, acha redio moja. Kusikiliza tu hakuli hata ampea moja. Kuzungumza ndiko kunakokula, mara kadhaa zaidi. Betri ileile iliyokufa ndani ya robo saa ingeweza kukufikisha Nduli na kubaki na akiba. Taa kubwa ya kutulia peke yake inameza ampea 9 hivi, na kipasha joto cha bomba la kasi nacho ni mlaji. Hivyo ndivyo vya kwanza kuzimwa mchana usio na mawingu.

Mimi nafanya hivi: ndani ya dakika mbili za mwanzo, umeme ukiwa bado upo, nasema redioni maneno yote muhimu kwa mkupuo mmoja. Mimi ni nani, niko wapi, umeme unaniishia, naelekea uwanja fulani, nategemea kufika saa fulani, msiponisikia nitaingia kwenye mzunguko wa kawaida nikiwa kimya. Naweka transponda 7600, ambayo dunia nzima ni namba ya redio iliyokufa, ili kama kuna rada inayokuona wajue mapema. Kisha nazima karibu kila kitu mpaka nikaribie uwanja. Wengi hufanya kinyume: wanakaa kimya wakihangaika na swichi, wanakumbuka kusema wakati redio imebaki na sauti ya jogoo mwenye mafua.

Geji za mafuta zisikusumbue. Zinatumia umeme, na umeme ukikata zinalala sifuri hata tangi zikiwa zimejaa. Ulipima kwa kijiti kabla ya kuondoka? Unajua injini inakula lita ngapi kwa saa? Basi saa yako ya mkononi ndiyo geji. Kipimo cha kasi, altimita na dira ya maji havihitaji umeme. Kipimo cha mlalo wa ndege na dira ya jairo, kwenye 172 ya zamani, vinaendeshwa na pampu ya hewa iliyofungwa kwenye injini, navyo vinaendelea. Unachopoteza ni kipimo cha kugeuka, geji za umeme, redio, taa na flapu. Hata king'ora cha ndege kupoteza mwinuko kwenye 172 kinapulizwa na hewa tu kama filimbi. Kwenye Piper nyingi ni cha umeme, hutakisikia.

Sasa swali la Songwe. Hapa ulichagua vizuri, ingawa nahisi ulichagua kwa hofu zaidi ya hesabu, kwa hiyo tuifanye hesabu. Ulikuwa maili 45 hivi za baharini kutoka Nduli, kama dakika 25. Mbele yako Songwe ilikuwa zaidi ya mara mbili ya hapo, na ukifuata barabara kupitia Makambako, karibu mara tatu. Ungefika saa kumi na mbili kasoro, mwanga ukiwa unaelekea kuisha, huna taa, huna redio, kwenye uwanja wenye mnara na ndege za ratiba za abiria. Na huku upande wa Uporoto unajua mwenyewe jinsi wingu linavyoweza kukaa kwenye mabega ya milima jioni. Umeme ukikukatikia kwenye anga safi mchana, ni usumbufu. Ukiwa ndani ya wingu karibu na Rungwe, ambao kilele chake kinakaribia mita 3,000, ni jambo la kuua. Kwa hiyo kanuni yangu ni kwamba umeme ukikata unakwenda kule unakokuona kwa macho. Nyuma yako palikuwa peupe, na barabara ulikuwa umeshaipita. Sawa kabisa.

Njombe je? Wengine wangekushauri hivyo. Mimi hapana: uko juu, zaidi ya futi 6,000, na usingepata faida yoyote ya muda. Kiwanja cha shamba la chai kingekuwa jibu langu kama pangekuwa na moshi, au kama mwanga ungekuwa unaisha. Kwa siku yako, njia ndefu unayoijua ilishinda njia fupi ya nyasi usiyojua kama leo ina ng'ombe.

Tuje kwenye flapu, maana hapa ndipo ulipokaribia kuharibu zaidi ya ulivyodhani. Kwenye 172 zinashushwa na mota ya umeme, na mota hiyo haina huruma na betri iliyochoka. Zilikwama katikati, ukatua, tunashukuru. Lakini fikiria zingeshuka zote halafu betri ikakata, na pale mbele mtoto wa mtu anavuka na baiskeli. Unaongeza moto upande tena, na flapu hazirudi. Nduli iko zaidi ya futi 4,600 juu ya usawa wa bahari. Jioni ya joto, hewa yake inakuwa kama ya karibu futi 7,000. Pale 172 yenye watu wawili na flapu zote chini itapanda kwa taabu sana, kama itapanda. Umeme ukiwa wa mashaka, tua bila flapu kabisa, au ushushe kidogo mapema na uridhike hapo hapo.

Kutua bila flapu si mkosi, ni zoezi ulilopaswa kulifanya shuleni. Pua inakaa juu zaidi, ndege inaelea kama haitaki kushuka, kwa hiyo kuja kwako kuwe kurefu na kwa chini kidogo kuliko ulivyozoea. Kitabu kinakupa kasi za kuja bila flapu, ya chini na ya juu. Shika za katikati, usiongeze "za usalama". Kule juu kwetu kasi unayoisoma kwenye kipimo si kasi unayogusa nayo ardhi. Kwa hewa ile ya Nduli niliyoitaja, fundo 70 za kwenye kipimo ni karibu 78 za kweli, na mzigo unaoangukia breki unazidi kwa karibu moja ya tano ukilinganisha na Dar. Ukijumlisha kasi uliyoongeza kwa wasiwasi, ndiyo maana uligusa mbali. Ungetoka nje ya njia kwa mwendo huo, tungekuwa tunazungumzia mambo mengine.

Kama uwanja una mnara na redio imekufa, angalia dirisha la mnara. Kijani isiyopepesa maana yake tua. Kijani inayopepesa, rudi kwa ajili ya kutua, subiri kijani iliyotulia. Nyekundu iliyotulia, wapishe wengine na uendelee kuzunguka. Nyekundu inayopepesa, uwanja si salama, usitue. Jibu kwa kutikisa mabawa. Simu ya mkononi ina faida pia, na sioni aibu kuisema: mpe shemeji, awe amehifadhi namba ya uwanja mapema, apige au atume ujumbe wakati wewe unarusha. Mtandao ukikubali, vizuri. Ukikataa, achaneni nao hapo hapo. Na ukishatua, watu wa uongozaji wapewe taarifa mara moja kwamba uko chini salama, wasije wakaanza kukutafuta milima ya Udzungwa usiku.

Nakuja kwa yule mwenzenu anayetaka kuistua. Kwanza, betri ya gari ni ya volti 12, mfumo wenu ni wa 24, kwa hiyo hata mlango hamjaupata. Pili, hata mkipata chanzo sahihi, altaneta inahitaji umeme kidogo wa betri ili iamke. Betri ikiwa mfu inaweza isiamke, na ikiamka itajikuta inajaza pipa tupu huku ikilisha ndege nzima. Tatu, na hili ndilo linalonitisha, breka yenu iliruka mara tatu. Huenda kuna waya umegusa bodi, na hamjaujua uko wapi. Kwamba ndege ilifika Nduli yenyewe ni kwa sababu ya magneto, haina uhusiano wowote na hali ya waya huo.

Nikisoma dalili zako nahisi mna matatizo mawili. La kwanza ni waya mdogo unaokwenda nyuma ya altaneta, ambao mtetemo wa injini huusugua mpaka gamba linatoka. La pili ni betri: kufa ndani ya robo saa kunaonyesha ilikuwa imeshachoka zamani. Ndege ikikaa wiki tatu bila kuruka, kwenye baridi ya Juni na Julai ya huku kwetu, betri inateseka, na mkiiwasha asubuhi kwa kulazimisha mnaimaliza. Niliwahi kukagua ndege moja nikakuta taa ya volti imebandikwa plasta ya kidonda kwa sababu "ilikuwa inasumbua macho". Natumaini ya kwenu haijafika huko, lakini waulize wenzako kama kuna aliyeiona ikipepesa kabla yako akanyamaza.

Haya siyo ya kumaliza kwa maandishi. Andikeni hitilafu kwenye kitabu cha ndege leo, ndege ikae. Muiteni fundi wa ndege mwenye leseni, si fundi umeme wa magari wa Mwanjelwa hata awe hodari kiasi gani, kwa sababu saini yake haiwezi kuirudisha ndege angani kihalali. Ikiwa kweli haiwezi kutengenezwa pale ilipo, kuna utaratibu wa kibali maalumu kutoka Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania (TCAA), na wao ndio wataamua iruke vipi. Na wewe, kabla hujapakia abiria tena, tafuta mwalimu mkaruke saa moja: kutua bila flapu mara nne, kuingia uwanjani kimya mara mbili, na azime swichi kuu bila kukuambia.

Nauli ya basi kutoka Dar hadi Iringa na chumba cha siku mbili mjini, gawaneni watatu. Fundi akifika, mwambie aanze na ule waya wa nyuma ya altaneta, kisha aipime betri ikiwa na mzigo, si kwa kuangalia volti tu.